Mwenye pointi 17 kakosa ufadhili wa serikali, mwenye 16 kapata: wanafunzi wa S6 hukosea wapi?

#1 MwalimuKasese
Wadau, salaam. Kila mwaka hapa Uganda, matokeo ya UACE (mtihani wa mwisho wa sekondari ya juu, S6) yakishatoka, wazazi wanakuja na swali moja: mbona fulani ana pointi 17 kakosa ufadhili wa serikali, na mwenzake mwenye 16 kaupata, tena kozi ile ile? Wengi wanaondoka wakiamini kuna mkono wa mtu. Mimi nasema kosa hufanyika mapema, siku ya kujaza machaguo. Mwanafunzi anajaza akitazama jumla ya pointi, na chuo kikuu hakitazami jumla. Kinatazama uzito. Wanaojua hesabu hii naomba waiweke hapa kwa tarakimu, watoto waisome wakiwa bado na muda.

#2 Hesabu_Mbale
Mwalimu, tarakimu hizi hapa.

Prinsipali (masomo makuu): A ni 6, B 5, C 4, D 3, E 2, O 1, F 0. Masomo madogo, yaani sabsidiari, ni GP (General Paper) na ya pili (hisabati au kompyuta), pointi moja moja, ukipata gredi 1 mpaka 6. Kwa hiyo mwisho ni 20. Hiyo ndiyo jumla wanayotangaziana watu kwenye simu.

Vyuo vya serikali huichukua slipu (karatasi ya matokeo) ile ile na kuzidisha. Masomo mawili ya lazima kwa kozi yanazidishwa mara 3, somo linalohusiana mara 2, yale ya kupendelewa (GP na ile sabsidiari ya pili) mara 1, na lolote lililobaki nje linapata nusu. Halafu inaongezwa UCE (mtihani wa S4): kila distinkshen (gredi 1 na 2) 0.3, kila kredit (3 mpaka 6) 0.2, kila pasi ya 7 na 8 ni 0.1, na 9 haina kitu.

Chukua wanafunzi wawili wa PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) wanaoomba udaktari, ambako Biolojia na Kemia ni za lazima.

Wa kwanza ana Kemia A, Fizikia A, Biolojia D, na sabsidiari zote mbili. Jumla 17. Uzito: Kemia 18, Biolojia 9, Fizikia 12, sabsidiari 2. Inakuja 41.

Wa pili ana Kemia A, Biolojia A, Fizikia E, na sabsidiari zote mbili. Jumla 16. Uzito: 18, 18, 4, na 2. Inakuja 42.

Ongeza UCE. Wa kwanza alikuwa na distinkshen 4 na kredit 6, yaani 2.4. Wa pili distinkshen 8 na kredit 2, yaani 2.8. Sasa ni 43.4 kwa 44.8. Kwenye kozi ambayo watu wanapitana kwa nukta moja ya desimali, hiyo ni tofauti kubwa mno. Hakuna mkono wa mtu hapo. Ile A ya Fizikia ilikaa mahali pa uzito wa 2.

#3 NileMagharibi
Asante Hesabu. Ila umesahau wasichana, wanaongezewa 1.5 kwenye kozi za sayansi.

#4 Hesabu_Mbale
Kweli nilisahau, ila si sayansi tu. Ile 1.5 ni ya kila msichana anayeomba chuo kikuu cha serikali, kozi yoyote, na ipo tangu 1990. Kama yule wa pili ni msichana, 44.8 yake inakuwa 46.3.

#5 Mdadisi_wa_Jinja
Hesabu ni safi, lakini sikubali kwamba uzito ndio jibu lote. Jibu ni mpangilio wa machaguo. Kuna mwanafunzi anaweka udaktari namba 1, upasuaji wa meno namba 2, famasia namba 3, na zote tatu zinagombewa na watu wale wale wenye alama zile zile. Akianguka ya kwanza, uwezekano ni mkubwa ataanguka na ya pili na ya tatu. Ametumia machaguo matatu kuuliza swali moja. Pointi zake zingemwingiza kwenye mifugo, lishe au elimu ya sayansi kwa ufadhili wa serikali, lakini hakuziandika, na kozi isiyoandikwa haiwezi kumfuata.

Njia ninayowaambia wanafunzi: chaguo la kwanza liwe unalolitamani, hata kama liko juu yako kidogo. La pili na la tatu yawe yale ambayo uzito wako unafika sawasawa na kikomo cha mwaka uliopita. Yanayobaki yawe ambayo uzito wako umevuka kwa pointi 3 au zaidi, na angalau moja liwe nje ya Kampala.

#6 MwalimuKasese
Hilo la nje ya Kampala likaziwe sana. Watoto wanaandika Makerere, Makerere, Makerere, Kyambogo. Udaktari uko Mbarara, uko Gulu, uko Busitema kwenye kampasi ya Mbale. Uhandisi uko Busitema. Digrii ikisajiliwa na baraza la taaluma, hakuna anayeuliza ulilala hosteli ya mji gani.

#7 Karani_Mstaafu
Mdadisi, hapo kwenye "kikomo cha mwaka uliopita" ndipo watoto wanapoumia. Kikomo hakipangwi kabla. Ni uzito wa mtu wa mwisho aliyeingia mwaka ule. Mwaka huu wakiomba wengi wenye nguvu, kinapanda. Kozi ikikosa umaarufu, kinashuka. Tena kozi moja ina vikomo viwili, cha serikali na cha kujilipia, na cha serikali ndicho cha juu. Mwanafunzi anaona cha kujilipia kwenye picha ya WhatsApp, anadhani ndicho cha serikali, anajaza akiwa na furaha tele. Kabla hujalinganisha soma kichwa cha jedwali: mwaka gani, serikali au kujilipia, mchana au jioni.

Na uangalie msimbo (code) wa kozi herufi kwa herufi. Kozi ile ile ya mchana na ya jioni zina misimbo tofauti.

#8 Afande_Elimu
Mnazunguka. Sababu ni nafasi. Serikali hufadhili wanafunzi wapatao 4,000 kwa mwaka katika vyuo vikuu vyote vya umma, na sehemu kubwa inapelekwa kwenye sayansi. Ndani ya hao kuna wa kiwango cha taifa (wanaoshindana nchi nzima), kuna wa mgawo wa wilaya (nafasi zinazotengewa kila wilaya), kuna wa michezo 40 na wenye ulemavu 64. Waliofaulu ni makumi ya maelfu. Hata ujaze vizuri namna gani, wengi wataachwa.

Na yule mwenye 16 huenda aliingia kwa mgawo wa wilaya yake, wala si kwa uzito anaoueleza Hesabu.

#9 NileMagharibi
Hapo Afande umegusa penyewe. Mgawo unafuata wilaya ya asili, haufuati wilaya ya shule. Mtoto wa Yumbe anayesoma Wakiso anashindana na watoto wa Yumbe. Kuna wanaojaza wilaya ya shule kwa kutojua, wakaingia kwenye foleni ya wilaya yenye shule nyingi kubwa, na nafasi yao ya nyumbani ikaenda kwa mwingine. Na kuna wanaobadilisha makusudi kwenda wilaya wasiyoijua. Hilo la pili ni udanganyifu. Wilaya hupelekewa majina kuthibitisha, na ukigundulika unapoteza nafasi.

#10 Mdadisi_wa_Jinja
Afande, nafasi 4,000 zinaeleza kwa nini watu wanakosa. Hazielezi kwa nini wa 17 akose na wa 16 apate. Bado nasema mpangilio.

#11 Hesabu_Mbale
Na mimi bado nasema uzito. Nimeweka namba mezani, weka zako kaka Mdadisi 😀

#12 Mdadisi_wa_Jinja
Nazileta. Mwanafunzi wa PCM: Kemia A, Fizikia B, Hisabati C, sabsidiari zote mbili. Jumla 17. Kwenye uhandisi, Hisabati na Fizikia ni za lazima: 12 + 15 + 12 + 2 = 41. Kwenye kozi inayoweka Kemia na Fizikia kuwa za lazima: 18 + 15 + 8 + 2 = 43. Slipu moja, tofauti ya 2. Akiweka uhandisi kwenye machaguo yote kwa sababu kaka yake ni mhandisi, zile pointi 2 amezitupa mwenyewe. Umeona? Uzito wako na mpangilio wangu havitengani.

#13 Hesabu_Mbale
Hiyo namba ni sahihi. Lakini umethibitisha uzito 😀

#14 Mama_S5
Samahani ndugu, mtoto wangu yuko S5 sasa, alifanya UCE ya mtaala mpya. Slipu yake ina A, B, C, haina distinkshen wala kredit. Hiyo 0.3 anaipataje?

#15 Karani_Mstaafu
Mama, umeuliza jambo ambalo uzi huu ulikuwa unalipita. Mtaala mpya ulianza S1 mwaka 2020, na waliofanya UCE ya kwanza ya mtaala huo ni wa 2024. Gredi zao ni A mpaka E, na asilimia 20 ya alama inatokana na kazi za darasani, 80 mtihani wa mwisho. Hesabu ya 0.3, 0.2 na 0.1 aliyoiandika Hesabu kwenye #2 ni ya cheti cha zamani. Mwenye cheti kipya asiitumie kujipima. Ajipime kwa sehemu ya UACE peke yake, kisha asome tangazo la chuo la mwaka wake anapoomba.

#16 Hesabu_Mbale
Nakubali marekebisho. Wasomaji, #2 isomwe pamoja na #15.

#17 Nakivale_Masomo
Habari zenu. Huku kambini kuna vijana wengi waliomaliza sekondari Kongo, wana Diplôme d'État. Wanaambiwa "nenda chuo uombe tu." Je, inatosha?

#18 Karani_Mstaafu
Haitoshi. Cheti cha sekondari cha nje ya Uganda lazima kilinganishwe kwanza na UNEB, baraza la mitihani la Uganda. Anapeleka cheti halisi na nakala, tafsiri rasmi ya Kiingereza kwa kuwa cheti ni cha Kifaransa, kitambulisho, na malipo. UNEB inaandika barua inayoonyesha cheti kile kinalingana na nini hapa. Barua hiyo ndiyo chuo kinachoisoma. Kama ni digrii au diploma ya chuo cha nje, hiyo inakwenda NCHE (baraza la taifa la elimu ya juu), si UNEB. Watu wanachanganya ofisi hizi mbili, wanapoteza mwezi mzima.

Yanayokwamisha mara kwa mara: cheti bado hakijatoka na kijana ana karatasi ya muda tu, jina la kwenye cheti haliko hivyo kwenye kitambulisho cha mkimbizi, tafsiri imefanywa na rafiki anayejua Kifaransa, bila mhuri wa anayetambulika. Aanze miezi mitatu kabla ya maombi kufunguliwa.

#19 NileMagharibi
Kwa wakimbizi ongeza: kuna ufadhili wa DAFI unaopitia UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, na pale Makerere kuna wa Mastercard Foundation. Hiyo ina fomu zake na tarehe zake, haiji yenyewe kwa sababu umepata nafasi chuoni.

#20 Afande_Elimu
Sasa kuhusu wale wanaokosa serikali, maana ndio wengi. Makosa mawili.

La kwanza: kusubiri orodha ya serikali itoke ndipo aombe ya kujilipia. Hayo ni maombi mawili tofauti, na malipo tofauti. Omba yote mawili. Ukipata ya serikali, ile ada ya fomu ya pili imepotea, na hasara hiyo ni ndogo kuliko kukaa nyumbani mwaka.

La pili: kudhani mkopo unalipa kila kitu. HESFB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, iliundwa kwa sheria ya 2014. Inalipa chuo moja kwa moja: ada ya masomo, ada za huduma na za utafiti. Chakula na chumba ni vyako. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kisoro anayepata mkopo wa kusoma Kampala bado anahitaji kodi ya chumba kila mwezi, na wengi wanaacha mwaka wa kwanza hapohapo. Pigeni hesabu ya chumba kabla ya kusherehekea. Urejeshaji huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo.

#21 Mama_S5
Anaweza kuomba mkopo kabla ya kupata chuo?

#22 Afande_Elimu
Hapana mama. Kwanza awe amepata nafasi katika chuo na kozi iliyomo kwenye orodha ya bodi. Ila karatasi za kuonyesha hali ya familia ziandaliwe mapema, maana dirisha la maombi ni fupi na ofisi za wilaya zina foleni.

#23 Fundi_Kichwamba
Mbona hakuna anayetaja vyuo vya kati? Mwenye prinsipali moja na sabsidiari mbili anaambiwa ameanguka. Hajaanguka. Hizo ndizo sifa za diploma. Vyuo vya ufundi vya serikali, Elgon, Lira, Kichwamba, Bushenyi na Kyema, vina uhandisi wa majengo, umeme, magari. Akipata diploma ya daraja la pili au zaidi, anaomba digrii kwa njia ya diploma, na huko hashindani kwa slipu ya UACE.

#24 Kijana_Soroti
Mimi ninavyojua O ni pasi, kwa hiyo mwenye C moja na O mbili ana prinsipali tatu na anaingia digrii.

#25 Fundi_Kichwamba
Hapana ndugu yangu. Prinsipali ni A mpaka E. O ni sabsidiari, ndiyo maana ina pointi moja. Mwenye C na O mbili ana prinsipali moja na sabsidiari mbili, yaani yule yule wa diploma niliyemtaja. Digrii inataka prinsipali mbili, zote zipatikane katika kikao kimoja cha UACE, na UCE yenye pasi 5. Ukipata prinsipali moja mwaka huu na nyingine mwakani, haziunganishwi.

#26 Kijana_Soroti
Asante. Hilo la kikao kimoja sikulijua.

#27 Karani_Mstaafu
Kwa wanaokwenda vyuo binafsi: kabla hujalipa hata shilingi, fungua orodha ya NCHE. Tafuta jina la chuo, kisha jina la KOZI. Chuo kuwa na leseni hakumaanishi kila kozi yake imeidhinishwa. Ukiona kozi imeandikwa inapitiwa upya, usikimbie. Maana yake muda wa tathmini umefika. Uliza chuo kimewasilisha mtaala lini. Kwa uuguzi, udaktari na nyingine za afya, angalia na baraza la taaluma pia, kwa sababu bila usajili wa baraza digrii hiyo haikupi ruhusa ya kumshika mgonjwa.

Na wanaotaka sheria Makerere: kuna mtihani wa kujiunga, na alama ya kupita ni 50 kwa 100. Prinsipali zako zikiwa A tupu na hukuufanya, huingii. Una ada yake na tarehe yake.

#28 Mdadisi_wa_Jinja
Kuna wanaoniuliza kuhusu Marekani, niongeze kwa kifupi. Vyuo vingi vya kule hupokea maombi kupitia Common Application. Tarehe za mapema ni kama 1 Novemba, za kawaida ni mwanzoni mwa Januari. Hapo ndipo S6 wetu wanapokwama: Novemba wako kwenye chumba cha UACE. Insha ya maneno 250 hadi 650 haiandikwi usiku wa kuamkia mtihani wa Kemia. Iandikwe likizo ya muhula wa pili. Chuo hakingoji matokeo ya UACE. Kinasoma UCE, ripoti za S5 na S6, na makadirio ya alama yanayoandikwa na shule. Mwombe mwalimu barua ya mapendekezo mwezi wa saba, umpe na orodha ya ulichofanya darasani kwake, maana barua ya "ni mtoto mwenye nidhamu" haimsaidii mtu.

Pesa: vyuo vichache sana humpokea mwanafunzi wa nje bila kutazama uwezo wake wa kulipa kisha vikagharimia anachopungukiwa. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin vimo. Kwingine, kuomba msaada mkubwa kunapunguza nafasi yako. Ada ya maombi huweza kusamehewa. Unaomba msamaha huo kupitia mshauri wa shule. Ubalozi wao Kampala una ushauri wa EducationUSA.

#29 MwalimuKasese
Mdadisi umetupeleka mbali, lakini ni muhimu. Nirudishe kwenye jambo dogo linaloua maombi mengi: majina. UCE imeandikwa Biira Janet, UACE Janet Biira, kitambulisho cha taifa Biira Jannet. Mfumo wa maombi unavuta matokeo kwa namba ya mtihani na mwaka, ukikuta herufi imezidi, unasimama. Afanyeje?

#30 Karani_Mstaafu
Kugeuzwa kwa mpangilio peke yake mara nyingi kunatatuliwa kwa tamko la kiapo mbele ya kamishna wa viapo, ukieleza kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Herufi iliyozidi kwenye kitambulisho irekebishwe NIRA (mamlaka ya vitambulisho), na hiyo inachukua wiki kadhaa. Kwa hiyo aanze na kitambulisho, cheti cha UNEB kiwe ndicho kipimo. Anayesajiliwa S6 sasa hivi akague jina lake kwenye orodha ya usajili wa UNEB ambayo shule inambandikia ukutani. Aisome kwa kidole, herufi moja moja. Baada ya cheti kuchapwa, ni safari nyingine.

#31 Afande_Elimu
Nimerudi kwenye swali la #1. Mwalimu, yule wa 16 ni wa wilaya gani?

#32 MwalimuKasese
Bundibugyo. Wa 17 ni wa Mukono.

#33 Afande_Elimu
Basi. Mgawo.

#34 Hesabu_Mbale
Afande, wa Bundibugyo ni msichana au mvulana? Na Biolojia alipata nini? Bila slipu zote mbili hujathibitisha kitu.

#35 MwalimuKasese
Msichana. Biolojia B. Slipu ya wa Mukono naitafuta kwa mzazi wake, nikiipata naiweka hapa bila majina.